Binti Akiruka, Tazama Anavyotua



Kuna swali ninaloulizwa karibu kila wiki na wazazi wetu hapa Maskati: "Dada, binti yangu anacheza mpira, na nasikia wasichana wanakatika magoti. Nimwachishe?" Kazi yangu ni tiba ya viungo, na muda wangu mwingi unakwenda kwenye magoti na vifundo vya mabinti wanaocheza mpira wa miguu, kikapu, voliboli na netiboli. Jibu langu ni fupi: usimwachishe, mfundishe kutua. Lakini jibu fupi halimtulizi mzazi. Leo nataka nieleze tunavyopima kutua na mizani ya mwili kwa mabinti, namba zinazotoka zina maana gani, na namna gani namba hizohizo zinaweza kumdhulumu mtoto zikishikwa na mtu asiyezielewa.

Kwa nini tuzungumze sasa

Michezo ya timu si mipya kwa wanawake wetu. Mama na shangazi wengi waliosoma Unguja, Pemba, Mombasa au Dar es Salaam walicheza netiboli skuli, na wanaijua kanuni yake: ukiudaka mpira huruhusiwi kukimbia nao. Kwa mchezo ni kanuni nzuri, kwa goti ni mtihani. Mchezaji anaruka, anadaka hewani, anatua, na papo hapo analazimika kufunga breki.

Kilicho kipya ni wingi wa mabinti na ukali wa mashindano. Mwaka 2014 sheria za mpira wa miguu duniani ziliruhusu rasmi kuvaa hijabu uwanjani, na mwaka 2017 shirikisho la mpira wa kikapu, FIBA, likafanya hivyo pia. Saudi Arabia ilianzisha ligi kuu ya wanawake mwaka 2022, na Mtanzania Clara Luvanga amefunga mabao huko akiwa na Al Nassr ya Riyadh. Mabinti zetu wanayaona haya, na wao wanataka.

Wanaona na upande wa pili. Alexia Putellas wa Hispania alikatika ligamenti ya goti Julai 2022, siku moja kabla ya mashindano ya Ulaya kuanza. Beth Mead aliumia Novemba mwaka huohuo, Vivianne Miedema Desemba, na Leah Williamson Aprili 2023. Hao watatu wa mwisho walikuwa wachezaji wa klabu moja, Arsenal, na wote wakakosa Kombe la Dunia la 2023. Ndiyo maana mzazi anaingia chumbani kwangu na khofu.

Kamba iliyo ndani ya goti

Katikati ya goti kuna ligamenti mbili zilizopishana kama msalaba. Ya mbele kazi yake ni kuuzuia mfupa wa muundi usiteleze kwenda mbele na goti lisijisokote. Nitaiita kamba ya mbele.

Watu wengi wanadhani kamba hii hukatika kwa kugongwa. Mara nyingi sivyo. Kwa wachezaji wa kike, sehemu kubwa ya majeraha haya hutokea hakuna aliyemgusa mtu: binti ametua baada ya kupiga kichwa, au amekata kona ghafla, au amesimama kwa kishindo. Ukitazama picha za video utaona mambo yaleyale yakijirudia. Goti limenyooka au limekunjwa kidogo tu. Mguu uliokanyaga uko mbali na kiwiliwili. Kiwiliwili kimelalia upande. Kisha goti linaporomoka kwa ndani, kuelekea goti la pili.

Na hutokea haraka mno. Wachunguzi waliopitia video za ajali hizi, picha baada ya picha, wamekadiria kwamba kamba hukatika ndani ya takriban milisekunde 40 tangu mguu uguse chini. Sekunde moja ina milisekunde 1,000. Ubongo wa binadamu hauwezi kuona kosa, kuamua na kutuma amri kwa misuli ndani ya muda huo. Kwa hivyo kumwambia binti "kuwa mwangalifu ukitua" hakusaidii kitu. Akishaigusa ardhi, muda wa uangalifu umekwisha. Kinachomlinda ni mazoea aliyoyabeba kutoka hewani: misuli ya nyuma ya paja na ya makalio iwe imeshakazwa, goti liwe limeshaanza kukunjwa, mwili uwe umeshajipanga. Mazoea hufundishwa, na kinachofundishwa kinaweza kupimwa.

Kwa nini mabinti zaidi

Katika michezo inayofanana, kama kikapu na mpira wa miguu, wasichana hukatika kamba ya mbele mara 2 hadi 8 zaidi ya wavulana, kutegemea utafiti na mchezo. Kiwango kilichozoeleka kutajwa ni kati ya mara 2 na 6.

Sababu haiko moja. Kuna umbo la nyonga na nafasi ndogo zaidi inayopita kamba ndani ya goti. Kuna homoni, ingawa uhusiano wa siku za hedhi na majeraha bado unachunguzwa. Lakini jambo ninaloliona kila siku ni la balekhe. Msichana wa miaka 12 au 13 anarefuka ghafla, uzito unaongezeka, kitovu cha mwili kinapanda juu. Mvulana wa umri huo homoni zake zinampa misuli ya kuubeba mwili mpya. Msichana anapata mwili mpya bila ya nguvu kuongezeka kwa kasi hiyohiyo. Ni kama gari lililoongezwa mzigo bila ya kubadilishwa breki.

Na kuna sababu isiyo ya maumbile kabisa. Mtoto wa kiume tangu ana miaka 5 yuko nje anaparamia kuta na kuruka mitaro, na akifika miaka 15 kocha anampeleka kunyanyua vyuma. Binti wetu hapa Ghuba mara nyingi amekulia ndani ya gari, ndani ya nyumba na ndani ya darasa lenye kiyoyozi. Bibi zake walicheza nage na kuruka kamba uani, yeye hakucheza. Kisha akiwa na miaka 14 anaingia timu, na siku ya kwanza anaambiwa aruke na kutua kama mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote. Anayesema mwili wa mwanamke haukuumbwa kwa michezo ajiulize kwanza mwili huo ulipewa nafasi gani ya kujifunza.

Kipimo cha kwanza: kuruka kutoka juu ya sanduku

Kipimo ninachokitumia zaidi hakihitaji mashine. Nahitaji sanduku imara lenye urefu wa sentimita 30, tepu ya kubandika chini, na simu mbili za kupiga picha za video.

Binti anasimama juu ya sanduku. Mbele yake, kwa umbali wa nusu ya urefu wake, nimebandika mstari. Akiwa na sentimita 160, mstari uko sentimita 80. Namwambia: ruka mbele, tua kwa miguu yote miwili ukiupita mstari kidogo tu, kisha hapohapo ruka juu uwezavyo, kama unafuata mpira. Simfundishi namna ya kutua, wala simwambii kama amepatia. Nikimfundisha kabla, nitakuwa napima usikivu wake badala ya mazoea yake. Anaruka mara 3. Simu moja iko mbele yake, nyengine ubavuni.

Kisha nakaa na video na karatasi ya makosa 17. Karatasi hii ilichapishwa na wachunguzi wa Marekani mwaka 2009 na sasa inatumika nchi nyingi. Naangalia: mguu unapogusa chini, goti limekunjwa kiasi gani? Nyonga je? Kiwiliwili kimeinama mbele kidogo, au kimesimama wima kama mlingoti? Ametua kwa vidole kisha kisigino, au kwa unyayo mzima? Miguu imegusa chini pamoja, au mmoja umetangulia? Imeachana sana, au imebanana? Vidole vimegeukia ndani au nje? Na lile kubwa: magoti yameingia ndani?

Kila kosa ni alama. Alama chache ni nzuri. Asiyezidi 4 ametua vizuri sana. Zaidi ya 4 hadi 5 ni vizuri. Zaidi ya 5 hadi 6 ni wastani. Akizidi 6 ametua vibaya.

Kocha asiye na muda wa video anaweza kutumia njia fupi ya kipimo hikihiki: binti anaruka mara 4, na mpimaji anahesabu mambo 10 kwa macho palepale. Na hata asiye na karatasi ana masikio. Fumba macho, sikiliza timu nzima ikiruka. Anayetua kwa kishindo hajakunja magoti. Anayetua kimya amekunja.

Kamera, nguo na heshima

Hapa lazima niseme jambo ambalo vitabu vya Ulaya na Marekani havilizungumzi, na sisi hatuwezi kulipita. Kipimo hiki kinamtaka binti apigwe video akiruka, na magoti yake yaonekane. Katika jamii yetu jambo hilo si dogo, na nimeona vipimo vizima vikifutwa kwa sababu mtu alichukua simu akaanza kupiga bila ya kumuuliza mtu. Mzazi aliyekasirika ana haki.

Lakini linawezekana kwa heshima, na mimi nafanya hivi. Wapimaji wote ni wanawake na mlango umefungwa. Mama anakaribishwa kukaa. Binti anavaa suruali ndefu ya kubana, na juu yake kaptula au kanzu fupi ya michezo akipenda. Suruali pana peke yake inaficha goti na kipimo kinakuwa cha kubahatisha. Juu ya pia ya goti nabandika kibandiko cha rangi kali kwenye kitambaa, ili jicho lifuate kibandiko. Kamera inachukua kuanzia mabegani kushuka chini, bila ya uso. Video inapigwa kwa simu ya kazi, kamwe si ya kocha wala ya mchezaji mwenzake. Nikishajaza karatasi, nafuta mbele ya binti mwenyewe.

Asiyetaka video kabisa, napima kwa macho. Usahihi unapungua kidogo. Imani ya familia ni kubwa kuliko usahihi huo, maana binti aliyeondolewa timu na baba yake kwa sababu ya video hatanufaika na kipimo chochote.

Kipimo cha pili: mizani ya mguu mmoja

Katika mchezo wa kweli binti hatui kwa miguu miwili kila mara. Kwa hivyo tunapima pia anavyojimudu juu ya mguu mmoja.

Nabandika tepu 3 sakafuni kwa umbo la herufi Y: moja inakwenda mbele, mbili zinakwenda nyuma kwa mshazari, kulia na kushoto. Binti anasimama kwa mguu mmoja pale zinapokutana, peku, mikono kiunoni. Mguu mwengine anaunyoosha kufuata kila tepu, mbali awezavyo, anagusa kidogo kwa kidole, anarudi. Akiyumba akauweka mguu chini, au kisigino kikinyanyuka, hiyo haihesabiwi. Namwacha ajaribu kila upande mara 6 kwanza, kwani majaribio ya mwanzo siku zote ni mafupi. Kisha napima mara 3.

Warefu hufika mbali kuliko wafupi, kwa hivyo umbali unalinganishwa na urefu wa mguu. Tepu ya fundi cherehani inatosha: anzia kwenye ncha ya mfupa wa mbele wa nyonga, malizia kwenye fundo la ndani la kifundo cha mguu. Jumlisha umbali wa pande 3, gawanya kwa urefu wa mguu mara 3, zidisha kwa 100.

Tuchukue mfano. Binti ana mguu wa sentimita 82. Akisimama kwa mguu wa kulia amefika sentimita 55 mbele, 90 nyuma upande mmoja na 85 nyuma upande wa pili. Jumla ni 230. Urefu wa mguu mara 3 ni 246. Ukigawanya unapata asilimia 93.5. Akisimama kwa mguu wa kushoto, mbele amefika sentimita 60. Tofauti ya kulia na kushoto kwa mbele ni sentimita 5.

Namba hizo zina maana gani? Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti wa wachezaji 235 wa mpira wa kikapu wa skuli za sekondari Marekani. Waliokuwa na tofauti ya zaidi ya sentimita 4 kwa mbele, kati ya kulia na kushoto, walipata majeraha ya miguu mara 2.5 zaidi. Na wasichana ambao jumla yao haikufika asilimia 94 waliumia mara 6.5 zaidi. Binti wa mfano wetu ameangukia pande zote mbili za khatari.

Lakini kabla ya kusema hana mizani, ninapiga magoti nikague kifundo chake. Kufika mbali kwa mbele kunahitaji kifundo kikunjike vizuri. Binti aliyeteguka kifundo mwaka jana, akafungwa bandeji na kuambiwa "pumzika tu", mara nyingi anabaki na kifundo kigumu. Goti lake halina shida. Akifanya mazoezi ya kulegeza kifundo kwa wiki chache, sentimita zinarudi. Kipimo kinakuonyesha mlango tu. Kuingia ndani na kutafuta sababu ni kazi ya mpimaji. Na lile asilimia 94 limetoka kwa wanafunzi wa Marekani wanaocheza kikapu. Kwa binti wa Maskati anayecheza voliboli ni kielelezo, si sheria.

Kipimo cha tatu: kwa yule aliyekwisha kuumia

Aliyekatika kamba na kutibiwa ana vipimo vyake. Kinachojulikana zaidi ni kuruka mbele kwa mguu mmoja: mruko mmoja, miruko mitatu mfululizo, miruko mitatu ya kuvuka mstari kulia na kushoto, na kukimbilia mita 6 kwa mguu mmoja kwa saa. Tunalinganisha mguu uliotibiwa na mzima. Kiwango cha kawaida ni kwamba mguu uliotibiwa ufikie angalau asilimia 90 ya mwenzake.

Hapa kuna mtego. Binti aliyekaa miezi kadhaa bila ya kucheza, mguu wake mzima nao umedhoofika. Miguu miwili dhaifu inaweza kufanana vizuri sana, ikatoa asilimia 95, na bado asiwe tayari. Ndiyo maana tunataka nguvu ya misuli ipimwe pia, na ndiyo maana muda una thamani yake. Utafiti wa Norway uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi ambao mgonjwa aliahirisha kurudi uwanjani, hadi kufika miezi 9 baada ya upasuaji, ulipunguza kuumia tena kwa karibu nusu. Mzazi akiambiwa na klabu kwamba mwanawe yuko tayari kwa fainali baada ya miezi 5, ana haki ya kusema hapana.

Hospitali kubwa na vituo vya michezo vina pia sahani za kupimia nguvu za kutua. Zinaonyesha mwili umepiga chini kwa uzito mara ngapi ya uzito wake, na umechukua muda gani kutulia. Ni vifaa vizuri na ghali. Kwa timu ya skuli, sanduku, tepu na jicho lililofundishwa vinatosha kuanzia.

Namba isigeuzwe hukumu

Sasa nimefika kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya.

Klabu moja, ambayo sitaitaja, iliwapima mabinti wake kipimo cha sanduku. Msichana wa miaka 15 alipata alama 7. Baba yake aliniletea karatasi. Chini ya namba, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: "Khatari. Hafai kwa timu." Binti hakuwa ameumia popote. Hakuwa amefundishwa kutua hata siku moja. Alipimwa, akahukumiwa, akarudishwa nyumbani. Na baba, ambaye miaka miwili alivumilia maneno ya ndugu ili bintiye acheze, sasa alikuwa na karatasi ya kitaalamu mkononi inayowaunga mkono wale ndugu.

Karatasi ile haikuwa na uwezo wa kusema iliyosemeshwa. Tazama hesabu yenyewe. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti wa vijana 829 wa mpira wa miguu, wavulana na wasichana, waliopimwa kwa kipimo hikihiki kisha wakafuatiliwa. Waliokatika kamba bila ya kugongwa walikuwa 7. Katika hao 7, 6 walikuwa na alama 5 au zaidi. Mtu akisikia hapo anasema, kipimo kimewanasa! Lakini katika wale 822 ambao hawakuumia, karibu 300 nao walipata alama 5 au zaidi. Ukiwafukuza wote wenye alama hizo, umewafukuza mabinti na vijana karibu 300 wasiokuwa na kosa ili uwakute 6.

Hata vipimo vya mashine haviko mbali na hapo. Mwaka 2005 utafiti mdogo wa Marekani, wa wachezaji wa kike 205, ulileta matumaini makubwa: wale 9 walioumia baadaye walikuwa na magoti yanayoingia ndani zaidi wakati wa kutua. Kisha Wanorwe wakawapima wachezaji wa kike zaidi ya 700 wa mpira wa miguu na mpira wa mikono wa ligi za juu kwa kamera za maabara. Matokeo yao ya mwaka 2016 yalisema wazi kwamba kipimo cha kutua hakiwezi kutumika kumchagua atakayeumia na asiyeumia.

Basi tunapima ili iweje? Tunapima kwa sababu 3. Kwanza, kumwonyesha binti mwenyewe anavyotua, maana wengi hawajui. Akiona goti lake linaingia ndani, anaelewa mara moja kuliko nikimhutubia saa nzima. Pili, kujua tuanzie wapi: huyu kifundo, yule makalio, mwengine mazoea tu. Tatu, kupima tena baada ya wiki 8 na kuona kama mafunzo yanafanya kazi. Ni sawa na mwalimu wa madrasa anayemsikiliza mtoto akisoma siku ya kwanza. Anamsikiliza ajue pa kumwanzishia, hamsikilizi ili amfukuze.

Yule binti tulianza naye. Baada ya wiki 8 alama zake zilishuka kutoka 7 hadi 4. Anacheza klabu nyengine sasa, na baba yake ndiye anayempeleka.

Dawa yenyewe ni dakika 15

Habari njema kuliko zote haitokani na vipimo. Mwaka 2012 Waswidi walichapisha utafiti wa wasichana 4,564 wa miaka 12 hadi 17 wanaocheza mpira wa miguu. Nusu ya klabu zilipewa mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 15, mara mbili kwa wiki. Kwenye klabu hizo kukatika kamba ya mbele kulipungua kwa asilimia 64. Hawakuchagua nani yuko khatarini na nani hayuko. Timu nzima ilifanya.

Mazoezi yenyewe ni 6 tu: kuchuchumaa kwa mguu mmoja, kuinua nyonga ukiwa umelala chali, kuchuchumaa kwa miguu miwili, kujinyoosha kama ubao juu ya viwiko, kupiga hatua ndefu na kushuka, na kuruka na kutua. Mpango mwengine maarufu ni ule wa FIFA uitwao 11+, unaochukua kama dakika 20. Ulijaribiwa Norway kwa wasichana wapatao 1,900, na matokeo yaliyochapishwa 2008 yalionyesha majeraha makubwa yakipungua karibu nusu.

Makocha wa hapa wananiambia: "Joto ni digrii 40, mwili umeshapata moto wenyewe, kupasha kwa nini?" Hapo ndipo tunapopotezana. Mazoezi haya hayapashi mwili tu. Yanaifundisha mishipa ya fahamu na misuli kuwahi zile milisekunde 40. Jua la Maskati haliwezi kukufundishia hilo.

Kwa mzazi na kocha, nakuombeni mshike haya:

Muulize kocha wa binti yako kama timu ina mazoezi ya kutua, angalau mara mbili kwa wiki, msimu mzima. Kama hakuna, hilo ni jambo la kudai kabla ya kudai jezi mpya.

Maneno ya kumfundishia ni mepesi: tua kimya, kunja magoti, magoti yafuate vidole vya miguu, kifua mbele kidogo. Akitua kama paka, amepatia.

Akipimwa, iulize karatasi maswali mawili: tutafanya nini juu ya hili, na lini atapimwa tena? Karatasi isiyojibu hayo haina faida.

Akisikia mlio ndani ya goti na goti likavimba ndani ya saa chache, asiendelee kucheza na asikandwe kwa mafuta. Apelekwe hospitali, aonwe na daktari wa mifupa.

Na mwisho, usimwachishe kwa khofu. Binti anayekaa nyumbani hakatiki kamba ya goti uwanjani, ni kweli. Lakini anakosa mifupa iliyokomaa, moyo wenye nguvu, wenzake wa timu, na kujua kwamba mwili wake unaweza. Hivyo pia ni vitu vinavyokatika, na havina upasuaji. Mpe mtoto dakika 15 za kujifunza kutua, kisha mwache aruke, inshaallah.